Kosa la kwanza la kuendesha gari kwa ulevi Texas: mbona limeandikwa jinai kubwa?

Mkazi wa Houston:
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Shemeji yangu alisimamishwa na polisi Jumamosi usiku akitoka harusini, na kipimo kikaonyesha 0.11, ilhali kiwango cha sheria ni 0.08. Hakugonga mtu wala gari, na hajawahi kufikishwa mahakamani. Mwanawe wa miaka saba alikuwa amelala kiti cha nyuma, amefungwa mkanda, na hakuamka mpaka askari alipomulika tochi. Tulidhani kosa la kwanza huwa dogo, lakini hati ya mashtaka inasema ni jinai kubwa. Je, karani amekosea?

Mzee Kobe:
Karani hakukosea, ndugu, na jibu umelitaja mwenyewe: ni huyo mtoto. Sura ya 49 ya sheria ya adhabu ya Texas inasema kwamba anayeendesha akiwa amelewa huku amembeba abiria aliye chini ya miaka 15 ametenda jinai kubwa, hata kama ni mara yake ya kwanza, na adhabu yake ni kifungo cha siku 180 hadi miaka 2, pamoja na faini isiyozidi dola 10,000. Mkanda hauondoi kosa, wala usingizi wa mtoto. Angekuwa peke yake, kwa kipimo hicho angeshtakiwa kwa kosa dogo la daraja B, ambalo kifungo chake hakizidi siku 180. Wengi hudhani wingi wa pombe ndio unaokuza kosa, kumbe kufikisha 0.15 humpandisha mtu hadi daraja A tu, nalo bado ni kosa dogo.

Binti Lamu:
Niongeze kwa faida ya wengine. Mashtaka ya mara ya tatu nayo ni jinai kubwa, kifungo miaka 2 hadi 10, na hapa ndipo watu hunaswa, kwa sababu tangu mwaka 2005 Texas haiangalii tena hukumu za nyuma zina umri gani. Hukumu ya mwaka 1996 inahesabiwa, na ya jimbo jingine pia. Mtu akijeruhiwa vibaya kwa sababu ya ulevi wa dereva, kifungo ni hicho hicho cha miaka 2 hadi 10. Akifa, kinafika miaka 20.

Mkazi wa Houston:
Nashukuru sana. Shemeji ana kadi ya kijani na alikuwa anakaribia kuomba uraia. Mambo hayo yataguswa?

Mzee Kobe:
Yanaweza kuguswa, kwa hiyo asikubali hatia kwa haraka ili tu arudi nyumbani. Sheria ya uhamiaji inataja makosa ya kumdhuru au kumtelekeza mtoto miongoni mwa yanayoweza kumfukuzisha mtu nchini, na iwapo shtaka hili linaingia humo ni swali la wakili anayejua pande zote mbili. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 2010 katika kesi ya Padilla, wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri kosa.

Kuna jambo la haraka zaidi. Kama alikabidhiwa notisi ya kusimamishiwa leseni, ana siku 15 tu tangu kuipokea za kuomba kusikilizwa, na shauri hilo ni tofauti kabisa na kesi ya jinai. Hesabuni siku tangu hiyo Jumamosi.