Tudor, Likoni ama Kiembeni? Nina nyumba tatu mkononi, nisaidieni kulinganisha

BintiMakadara
Salaam aleikum wote. Mimi nafanya kazi dukani Mwembe Tayari, hapa Mombasa mjini, natoka saa moja usiku, na nina mtoto yuko Gredi 1. Sasa hivi tuko Majengo, nyumba ya Kiswahili, chumba kimoja, choo cha wote, tunapika uani, kodi 4,000. Nyumba imeuzwa na tumeambiwa tutoke mwisho wa mwezi ujao, kwa hivyo sina muda wa kuzunguka sana tena.

Nimebaki na tatu. Ya kwanza iko Tudor, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili, jengo la zamani lakini safi, 16,000 na nimeonyeshwa na dalali yuwataka nusu ya kodi. Ya pili Likoni, vyumba viwili vya ploti, choo ndani, 8,500, hii sina dalali, mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Ya tatu Kiembeni, jengo jipya kabisa, chumba kimoja na sebule, taili mpaka jikoni, 12,000, lakini iko juu kabisa chini ya paa la zege. Bajeti yangu ni 15,000, nikijikaza sana. Depoziti zote ni mwezi mmoja. Wenzangu mnaokaa sehemu hizi niambieni ukweli, kama kuna kitu sijakiona kisemeni tu hata kama kitaniuma.

Kaka_wa_Feri
Dada, Likoni watu wanaiogopa bure, mimi nimezaliwa huku na kila siku navuka kwenda kazini. Feri kwa mtu wa miguu hulipi kitu. Swali ni moja tu, hiyo nyumba iko umbali gani na feri? Ukiwa karibu unatembea, unashuka ng'ambo unapanda matatu ya mjini umefika. Ukiwa Mtongwe ama Shika Adabu ndio sasa unaongeza gari lingine huku, na jioni magari ya kuingia ndani wanapandisha nauli wakiona watu wamejaa stejini.

Kitu cha kukwambia wazi ni kwamba feri moja ikiharibika saa za watu kwenda kazini, foleni inakuwa ndefu na joto lile pale kwa kusubiri si mchezo, na wewe kwa duka sidhani bosi atakuelewa kila mara. Na usije ukadanganywa na mtu kwamba barabara ya Dongo Kundu imemaliza shida, ile ni ya wenye magari, inakwenda kutokea Miritini, wewe wa Mwembe Tayari haikufai.

ZaiKiembeni
Kwa upande wa Kiembeni mimi naanza na maji, taili baadaye. Mombasa hii haina chanzo chake cha maji, yote yanatoka nje, na sisi wa kaskazini tunategemea Baricho, kule Mto Sabaki, yanakuja mpaka matangi ya Nguu Tatu halafu ndio yagawanywe. Kule Baricho umeme ukikatika ama bomba likipasuka njiani, Kisauni yote inakauka. Kwa hivyo jengo jipya muulize mwenyewe, hapa ni maji ya mfereji ama ya kisima? Usimuulize tu, fungua bomba la jikoni uonje. Kama ni chumvi jua ya kunywa na kupika utanunua, mtungi wa lita 20 kwangu ni shilingi 20 siku nzuri, yakikatika nshanunua 40. Na sabuni haitoi povu, nguo za shule zinaganda.

La pili ni hilo paa. Juu kabisa chini ya zege Mombasa hii! Kaskazi ikivuma, mwezi wa kwanza wa pili huko, zege linapokea jua mchana kutwa halafu usiku linawarudishia nyinyi joto lote, mtoto hatalala. Feni itakwenda usiku kucha na tokeni za umeme ni zako. Tena umeitazama wakati wa kiangazi, hujui kama inavuja. Angalia kona za dari na nyuma ya kabati, ukiona rangi imebabuka ama imepakwa upya sehemu moja tu, masika hapo maji yanaingia.

Jam sijaisema. Kutoka mjini saa moja usiku mpaka uvuke daraja la Nyali, Kongowea, taa za Nyali, ufike nyumbani mtoto ashalala.

mkazi_wa_Tudor
Mimi ningependa tufanye hesabu kwanza maana watu wanalinganisha kodi na kodi halafu mwisho wa mwezi hawajui pesa imekwenda wapi.

Kiembeni tufanye nauli 100 kwenda na 100 kurudi, na siku za mvua inapita hapo. Siku 26 za kazi ni 5,200. Jumlisha 12,000 umefika 17,200, bado hujanunua maji. Kumbe nyumba ya Tudor ya 16,000 ni rahisi kuliko ya Kiembeni, kwa sababu Tudor mpaka Mwembe Tayari unatembea, na siku umechoka unapanda tuktuk. Likoni kama uko karibu na feri ni nauli ya ng'ambo moja tu, 50 na 50, hiyo ni 2,600 kwa mwezi, 8,500 inakuwa 11,100. Ukiwa mbali na feri ni magari mawili, 5,200 tena, inakuwa 13,700. Kwa pesa tupu Likoni inashinda hata ukiiweka mbali.

Lakini pesa sio kitu peke yake. Wewe unatoka saa moja usiku na una mtoto mdogo. Nani anamchukua shule? Tudor hata kama dada wa kazi hayupo unaweza kukimbia saa ya mapumziko ukamwangalia ukarudi. Mimi hilo nalihesabu kubwa kuliko hiyo karibu elfu tano unayookoa ukiwa Likoni karibu na feri.

Huku kwetu shida ni majengo ya zamani. Mabomba yameliwa na chumvi, nondo za dirisha zina kutu, ukivuta dirisha linabaki mkononi. Kagua kila bomba, kila soketi, piga picha na uzitume kwa mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo unayoingia, ndio siku ya kutoka asikukate depoziti kwa kitu ulichokikuta.

msee_wa_Mtambo
Niongezee kwa hizi nyumba mpya za Kiembeni na Bamburi. Mimi nilipanga moja huku Mtambo, kufika mwezi wa kumi na moja mwenye nyumba akaja anasema nitoke kwa sababu Disemba anataka kuweka wageni wa kulala kwa siku, eti mgeni mmoja kwa wiki analipa karibu kodi yangu ya mwezi. Hatukuwa na mkataba, tulikuwa tunatumiana pesa kwa simu tu. Nikahama na watoto wakati wa mitihani. Kwa hivyo dada, nyumba nzuri yenye taili karibu na bahari, uliza kama kuna vyumba vingine humo ndani vinapangishwa kwa siku, na uandikishe mwaka mzima.

AmiMwenyePloti
Mimi ni mwenye nyumba, nina ploti Kisauni, na naona hapa tunasemwa upande mmoja. Wageni wa siku si pesa ya bure ndugu yangu, shuka, usafi, umeme, maji, mtu wa kupokea funguo usiku, halafu mwezi wa tano hakuna mtu. Mimi nilikataa. Mpangaji anayelipa tarehe 5 kila mwezi na asiyenivunjia choo ananipa usingizi. Na kodi ya serikali ya mapato ya nyumba iko pale pale, toka Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote niliyopokea kwa wapangaji, bila kutoa matengenezo, inalipwa kufikia tarehe 20 mwezi unaofuata. Ikiwa mwenye nyumba hataki kukupa risiti, mara nyingi sababu ndio hiyo, na wewe ndio utakosa ushahidi.

Kwa hii ya Likoni nina swali lingine. Ardhi ni ya nani? Huku kwetu kuna mambo ya nyumba bila ardhi, mtu anamiliki kuta na mabati lakini kiwanja ni cha mwengine anayemlipa kodi ya ardhi, na wakigombana hao wawili wapangaji ndio hutolewa vitu nje. Sio kwamba usipange, watu wengi sana wanaishi hivyo Mombasa na wanazeeka humo, lakini uliza majirani kama kuna kesi.

Bi_MjiWaKale
Mbona hamjamtajia Mji wa Kale? Binti, tafuta orofa ya juu kwa nyumba za zamani, kuta ni nene za matumbawe, ndani baridi bila feni, na Mwembe Tayari unatembea. Tazama boriti tu zisiwe zimeliwa na mchwa. Na ujue mwenye nyumba hawezi kubadilisha mbele ya nyumba apendavyo, huku ni eneo la uhifadhi lazima apate ruhusa, kwa hivyo ukimwambia apanue dirisha utangoja sana. Mimi siondoki huku.

BintiMakadara
Shukran sana nyote. Bi, Mji wa Kale nimeuliza lakini nilizoonyeshwa vyoo ni vya pamoja na hilo ndilo ninalolikimbia. Kaka, ya Likoni nimempigia mwenyewe, ni karibu na Mtongwe, kwa hivyo ni magari mawili. Zai, ya Kiembeni nilionja maji leo, ni chumvi, nimeitoa.

Sasa ni Tudor na Likoni. Na nina swali la pembeni, hapa Majengo mwenye nyumba alipouza hajanirudishia depoziti yangu, anasema nimuulize aliyenunua, na aliyenunua anasema hajapokea kitu. Hii inakwendaje?

KaraniWaSheria
Dada, wewe ulimpa nani hiyo pesa? Huyo ndiye wa kumdai kwanza. Kama alimpa mnunuzi aonyeshe wapi imeandikwa, isiwe unasukumwa huku na kule. Kuna mtu atakwambia uende mahakama ya kodi za nyumba, ile Rent Restriction Tribunal, lakini sheria yake ni ya nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na wewe unalipa 4,000, umetoka nje ya hapo. Njia yako ni Mahakama ya Madai Madogo, inachukua madai mpaka milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa iishe kwa siku 60. Beba meseji za M-Pesa, hizo ni ushahidi. Lakini kabla ya hapo mwandikie barua umpe siku za kulipa, wengi wakiona barua wanalipa.

Na kutolewa, kama unalipa kwa mwezi na hamna mkataba mwengine, notisi haiwezi kuwa chini ya mwezi mmoja. Nyumba ikiuzwa haimaanishi unatolewa kesho. Na hata ukidaiwa kodi, mwenye nyumba hana ruhusa ya kubeba vyombo vyako yeye mwenyewe, anatakiwa apitie mpiga mnada mwenye leseni. Kung'oa mlango ama mabati ndio usiulize, hiyo hairuhusiwi kabisa.

Kaka_wa_Feri
Kama ni Mtongwe na unatoka saa moja usiku, na mimi mtu wa Likoni nasema nenda Tudor. Kabla ya saa mbili na nusu hufiki nyumbani.

mkazi_wa_Tudor
Mwambie apunguze. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili amepoteza 32,000, ukimwambia 15,000 na mwaka mzima kwa maandishi anafaidika yeye. Nenda mwenyewe kwa mwenye nyumba usitume dalali, dalali analipwa kwa kodi kubwa, hana haja ya kuishusha.

BintiMakadara
Nimetoka kuongea naye sasa hivi, ni mama mtu mzima, amekubali 15,000 kwa mwaka. Tatizo ni kuingia, kodi 15,000, depoziti 15,000, dalali 7,500, ni 37,500 na Majengo bado hawajanilipa. Ami, wewe kama mwenye nyumba, nikimwomba depoziti nilipe mara mbili ataniona sina uwezo?

AmiMwenyePloti
Hapana mwanangu, mimi nshawakubalia wengi. Mwambie nusu siku ya kuingia na nusu pamoja na kodi ya mwezi wa pili, utaje tarehe, na iandikwe kwenye mkataba wenyewe sio kwa mdomo. Andikisha pia depoziti inarudi baada ya siku ngapi ukihama na nani analipia bomba likipasuka ukutani. Na dalali usimpe chake mpaka ushike funguo.