Nodi 30 za kupima mazuku Goma: utafiti uko wapi, na usalama unavuja wapi?

Mwanafunzi_Keshero

Jambo yaya zangu. Natayarisha memwari (tasnifu) ya informatiki hapa Goma. Wazo ni nodi 30 (kila moja ni boksi lenye kihisi na redio) za kupima mazuku upande wa Mugunga, Lac Vert na kando ya ziwa. Kila nodi itatuma vipimo kwa LoRa, redio ya masafa marefu inayokula umeme kidogo, hadi kituo kimoja cha kupokelea, na gesi ikipanda watu wa avenyu ile wapate SMS. Kwa wasiokaa kwetu: mazuku ni kabonidioksidi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo ya mawe ya volkano, hasa usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya. Haina rangi wala harufu, na ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, ndiyo maana mbuzi na mtoto huanguka kabla ya mtu mzima aliyesimama.

Mwalimu anayeniongoza amerudisha karatasi akiwa ameandika pembeni: "Huu ni ufundi. Utafiti uko wapi?" Mimi nilikuwa nimeweka utafiti kwenye usalama, maana ujumbe utasimbwa kwa AES-128. Basi nauliza: kihisi gani kinafaa, usalama unavuja wapi, na swali la kweli la utafiti ni lipi?

Kipimo_Sawa

Anza na kihisi. Kikidanganya, utasimba uongo wake vizuri sana na utafika salama.

MH-Z19 na SenseAir S8 hupima kwa mwanga wa infraredi na vilitengenezwa kwa hewa ya vyumba. Vinaishia ppm (sehemu kwa milioni) 5,000 au 10,000 kulingana na toleo. Asilimia 1 ni ppm 10,000, na ndani ya mazuku gesi huweza kufika makumi ya asilimia, kwa hiyo kihisi kitakwama kwenye namba yake ya juu. Kwa kengele hiyo inatosha: ppm 5,000 ni kikomo cha kawaida cha kazi ya saa 8, na 40,000 tayari ni hatari kwa uhai. Kwa kuchora ramani ya gesi haitoshi. Hapo ongeza STC31 ya Sensirion, ambayo hupima jinsi gesi inavyopitisha joto na kufika asilimia 25, au 100 ukibadilisha hali yake. Lakini inataka ipewe unyevu, joto na mgandamizo wa hewa, la sivyo unyevu wa alfajiri utaonekana kama gesi.

Mtego unaoumiza kuliko yote ni kihisi kujirekebisha chenyewe. Vihisi vya hewa ya vyumba huchukua kipimo cha chini kabisa cha muda fulani (MH-Z19B saa 24, SCD41, kihisi kingine cha Sensirion, siku 7, S8 siku 8 hivi) na kudhani hiyo ndiyo hewa safi ya ppm 400. Ukikiweka bondeni ambako gesi haishuki chini ya 2,000, kitajifunza kwamba 2,000 ni 400. Maana yake nodi iliyo mahali pabaya kuliko pote ndiyo itakayoripoti hewa safi kuliko zote! Zima kabisa. Kwenye MH-Z19B ni amri 0x79 yenye thamani 0x00. Kisha rekebisha kwa mkono, mahali pa upepo, mbali na barabara na jiko la makala (mkaa).

Halafu kuna mwinuko. Goma iko karibu mita 1,500, na mgandamizo wa hewa ni kama hPa 845 badala ya 1,013 za usawa wa bahari. Molekuli zimepungua ndani ya chumba cha kihisi, basi kipimo hushuka kwa asilimia 16 au 17 kwa hesabu ya gesi peke yake, na vihisi vingine hupoteza zaidi. SCD41 inakubali uiandikie mwinuko kwa mita. Ikitoka kiwandani imewekewa sifuri. S8 haina nafasi hiyo, kwa hiyo sahihisha kwenye programu, na kizidishi kitoke kwenye karatasi ya kihisi.

Umeme: S8 hula miliampia 30 hivi kwa wastani, yaani mAh 720 kwa siku. Betri moja ya 18650 ya mAh 2,500 inakwisha siku ya nne. SCD41 ikiamshwa mara moja kila dakika 5 hula chini ya nusu miliampia, na hapo paneli ndogo ya sola inatosha hata wiki za mvua.

Kihisi kikae sentimita 30 kutoka chini, kingine mita 1. Tundu za boksi zitazame chini na zifunikwe kwa wavu mwembamba, maana buibui wanapenda vichumba hivyo kuliko sisi.

Antena_Bukavu

Kihisi chini, sawa, lakini antena isikae chini pamoja nacho. Ndani ya bonde, ukuta wa mawe unaziba njia ya mawimbi. Inua antena mita 3 kwenye mlingoti na ushushe waya hadi kwenye kihisi. Nodi yenyewe ikae juu na antena. Kati ya njia za kihisi kuongea na nodi kwa waya, tumia UART, au RS-485 waya ukiwa mrefu, si I2C, ambayo inaanza kukosea ukipita mita 1 hivi. Ndiyo maana SCD41 aliyotaja Kipimo_Sawa ina gharama yake iliyofichika: ni ya I2C, itahitaji mikrokontrola ndogo ya pili kule chini.

Wengi wakikosa mawimbi hukimbilia SF12, mpangilio wa LoRa unaotuma polepole ili ufike mbali (SF7 ndio wa haraka). Ujumbe wa baiti 12 (ukiongeza baiti 13 za LoRaWAN, yaani kanuni za mtandao wa LoRa) hukaa hewani milisekunde 62 kwa SF7 na karibu sekunde 1.5 kwa SF12. Nodi 30 zikituma kila dakika 5 kwa SF12 kwenye kituo cha ESP32 (chipu ya bei rahisi) chenye chaneli moja, ujumbe mmoja kati ya minne utagongana na mwingine. Kwa SF7 ni kama mmoja kati ya themanini. Mlingoti ni bei rahisi kuliko SF12. Nunua pia kituo cha chaneli 8 chenye chipu ya SX1302. Kile cha chaneli moja hakifuati kanuni za LoRaWAN. Na masafa waulize ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, kabla ya kuwasha, usinakili tu ya Ulaya.

Sasa swali la mwalimu wako. Utafiti uko hapa: nodi ikinyamaza, mazuku yapo au hayapo?

Piga hesabu. Kila nodi inasema "niko hai" kila dakika 15, mara 96 kwa siku. Tuseme asilimia 20 ya ujumbe hupotea. Ukiamua kwamba kimya mara 3 mfululizo ni hatari, kila nodi itakupigia kengele ya uongo 0.6 kwa siku. Kwa nodi 30 ni 18. Kufika Jumatano hakuna anayesikiliza tena. Ukiamua mara 6, kengele ya uongo inashuka hadi moja kwa wiki kwa mtandao mzima, lakini umesubiri saa moja na nusu, na gesi haisubiri. Hesabu hii nayo inadhani ujumbe hupotea kwa bahati nasibu. Hapana: mvua kubwa, betri baridi ya alfajiri na kuran (umeme) kukatika kwenye kituo huzinyamazisha nodi nyingi kwa pamoja, na alfajiri ndiyo saa ya mazuku yenyewe.

Kufuli_la_Shaba (Lubumbashi)

Naunga mkono, ila AES usiiache hivi hivi. Kwenye LoRaWAN hesabu yenyewe haijavunjwa. Kinachovunjika ni namna ya kuitumia.

Nodi hujiunga na mtandao kwa njia mbili, ABP au OTAA. Ukitumia ABP, funguo zimeandikwa ndani na kihesabu cha ujumbe kinaishi kwenye kumbukumbu. Betri ikizimika, kihesabu kinarudi sifuri. Seva itakataa kila ujumbe hadi kihesabu kipite kilipoishia, na mwanafunzi aliyechoka atazima ukaguzi ule. Akishauzima, mtu yeyote anaweza kurekodi "hewa safi" ya leo mchana na kuirudisha hewani usiku. Tena kihesabu kilekile na ufunguo uleule hutoa mfuatano uleule wa kusimba, kwa hiyo ujumbe miwili ikilinganishwa inaanza kufichua yaliyomo. Tumia OTAA, nodi ijiunge upya na kupata funguo mpya. Ukilazimika kubaki na ABP, andika kihesabu kwenye flashi kila ujumbe 100, na ukiwaka upya ruka 100 mbele.

Usitumie ujumbe unaodai jibu kwa habari za "niko hai". Mtu akiziba majibu tu, nodi itarudia hata mara 8, huku ikipanda SF, na betri itakufa bila yeye kuigusa. Watafiti wa usalama Stajano na Anderson waliandika mwaka 1999 kuhusu kuua kifaa kwa kukinyima usingizi. Mbinu bado ni ileile.

Nodi ikiibwa, funguo zinasomeka kwa waya wa kupakia programu. Kila nodi iwe na ufunguo wake. Kwenye ESP32 washa usimbaji wa flashi, au weka ATECC608, chipu ya kutunzia funguo.

Na kuna shambulio ambalo funguo zote hizi hazilioni: jiko la makala likiwekwa kando ya kihisi. Hata pumzi ya mtu ina CO2 ya asilimia 4 hivi. Ongeza kihisi cha bei ndogo cha kabonimonoksidi: makala na moshi wa pikipiki hutoa gesi hiyo kwa wingi, mazuku ya kawaida hapana.

Mama_Mawimbi

Hiyo SMS mimi naipinga. Saa tisa usiku simu nyingi zimezimwa kulinda chaji. Jina la mtumaji wa SMS linaweza kughushiwa, na kwenye 2G simu haihakikishi kama mnara unaoongea nao ni wa kweli. Saini ya kidijitali ya Ed25519 ni baiti 64 kati ya 140 za SMS, inaingia, lakini simu ya batani haina cha kuikagulia. Weka king'ora cha volti 12 kwenye avenyu, kisha SMS iwe ya pili. Kila nyumba ipewe kadi yenye namba 20 zilizopangwa. Kila onyo la kweli linabeba namba inayofuata. Wazo la Lamport, mtaalamu wa kompyuta, la mwaka 1981, kwenye karatasi.

Usikusanye GPS za simu. Kwa mji huu, orodha ya nani analala wapi ni hatari kuliko gesi. Andikisha namba ya simu na jina la avenyu, basi. Na boksi lenye waya na antena likionekana shambani bila shefu wa kartiye kujua, litang'olewa siku hiyohiyo, au vibaya zaidi.

Mwanafunzi_Keshero

Aksanti sana wote. Basi mada igeuke: kutofautisha nodi iliyokatika, nodi iliyozibwa na nodi iliyo ndani ya gesi. Nitalipimaje hilo bila kusubiri mtu aanguke?

Antena_Bukavu

Usifikiri nodi 30. Weka 6, mbili mbili jirani, kwa wiki 8. Kila ujumbe ubebe kihesabu, volti za betri, joto na vipimo vitatu vya mwisho, ili ujumbe mmoja ukipotea unaofuata uulipe. Katika saa ulizopanga kwa bahati nasibu, chomoa antena ya moja, shusha volti ya nyingine kidogo kidogo, na funika kihisi cha tatu kwa mfuko wenye CO2 ya soda ya kuokea mikate (si ya kunywa) na siki. Jirani na volti zitakuambia sababu ya kimya. Pima ni mara ngapi mfumo umetaja sababu sahihi na baada ya dakika ngapi. Hali ziwe tatu, salama, hatari na haijulikani, na hiyo ya tatu isiwe na rangi ya kijani kamwe. Vipimo vya gesi vilinganishe na vya watu wa Observatoire Volcanologique wakikubali.

Kufuli_la_Shaba

Na weka saa ya DS3231 yenye betri yake kwenye kituo. Kuran ikirudi kabla ya intaneti, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya kituo) inaweza kuamka na tarehe ya zamani, TLS, kinga ya mawasiliano na seva, inakataa cheti cha seva, na nodi zako zote sita zitaonekana zimekufa kwa pamoja.