Uzazi wa kwanza, nataka kujifungua bila dawa ya maumivu. Uchungu mnauvumiliaje?

Mama Kijacho
Habari zenu wadau. Mimba ya kwanza, wiki ya 36. Kliniki wanasema kila kitu kipo sawa, mtoto ameshageuka kichwa chini, presha haina shida. Ningependa nijaribu bila sindano ya ganzi. Tatizo kila ninayemuuliza ananijibu "utajua hukohuko" au "mbona wote tumezaa". Naomba mliopitia mniambie: uchungu ukikukamata unafanya nini hasa? Unapumuaje, unakaaje, na mume ana kazi gani pale au anakodoa macho tu? Msiniambie nijikaze, hilo nimeshalisikia vya kutosha.

Bi Mkubwa
Hongera mdogo wangu. Ujue kwanza kwamba uchungu hauumi mfululizo. Unapanda, unafika juu kabisa, unashuka, unaachia. Hata ukishakolea, kila mmoja ni kama dakika moja hivi, halafu unapata dakika mbili tatu za kupumzika. Wewe shughulika na huo mmoja uliopo. Wengi ile nafasi ya katikati wanaimaliza kwa kuogopa unaofuata, ndiyo maana wanachoka mapema.

Ukiachia tu, legeza mabega, viganja na taya. Hasa taya! Ukiuma meno mwili mzima unakaza. Na sauti toa, usione haya, ila iwe nzito ya kifuani, "aaaah" ndefu. Yowe la juu linakumaliza pumzi bure.

Mkunga wa Zamu
Bi Mkubwa kasema vizuri. Niongeze kidogo. Kabla njia ya uzazi haijafunguka kufika sentimita 5, uchungu unaweza kuja na kupotea kwa saa nyingi, hasa kwa uzazi wa kwanza. Hapo ndipo watu wanapochoka bure: hawali, hawalali, wanahesabu kila uchungu. Ukipata usingizi, lala. Kula kitu chepesi, kunywa maji, na nenda haja ndogo kila baada ya saa mbili hivi hata kama hujabanwa, maana kibofu kikijaa kinaongeza maumivu.

Usilale chali. Tembea, simama uegemee ukuta, piga magoti, yumbisha nyonga. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 linashauri hivyohivyo: mama asizuiwe kutembea wala kuchagua mkao, awe na mtu wa karibu aliyemchagua mwenyewe, na akandwe au awekewe kitambaa cha moto akipenda.

Pumzi: vuta taratibu kwa pua, toa kwa mdomo polepole kuliko ulivyovuta. Ukianza kusikia kizunguzungu au vidole na midomo kufa ganzi, unapumua haraka mno, punguza.

Baba K
Dada, mume hakodoi macho, anatoka jasho. Mke wangu uchungu wake wote ulikuwa kiunoni. Mkunga akanionyesha: yeye kapiga magoti kaegemea kitanda, mimi nyuma yake, ile sehemu ngumu ya kiganja karibu na kifundo naiweka kwenye mfupa bapa ulio juu kidogo ya makalio, nakandamiza kwa uzito wa mwili. Nakandamiza, sisugui. Nilipojaribu kusugua nilifokewa mpaka wadi nzima ikasikia. Uchungu ukianza naweka mkono, ukiachia natoa na kumpa maji. Na nikajifunza kutomuuliza swali lolote ukiwa umepanda.

Mkunga wa Zamu
Safi sana Baba K. Uchungu wa kiunoni wakati mwingine ni mtoto ameelekeza uso mbele, kisogo chake kinabana mgongo wa mama. Kupiga magoti na kushika chini kwa mikono kunapunguza.

Sitaki Medali
Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Nilipanga kama wewe, nikaja kuwekewa dripu ya kuongeza uchungu, mambo yakabadilika kabisa. Nikaomba dawa, nikapewa, mwanangu mzima. Hakuna anayegawa zawadi mlangoni. Uliza kliniki mapema wana nini, gesi ya kuvuta, sindano ya pethidini au ganzi, ili ukibadili mawazo usianze kuulizia ukiwa umekunja uso.

Mama Kijacho
Asanteni mno, mume wangu nimemsomesha hapo kwa Baba K. Nitajuaje nimekaribia? Na niondoke nyumbani saa ngapi?

Bi Mkubwa
Ukianza kutetemeka, kutapika na kusema "mimi basi, siwezi tena", umekaribia. Wa pili nilitafuta viatu nikasema naenda zangu nyumbani. Mkunga akacheka huku anavaa glavu.

Mkunga wa Zamu
😀 Ndivyo. Ukisikia kusukuma, sema upimwe kwanza, usisukume kabla njia haijafunguka yote.

Kuondoka: uchungu ukija kila baada ya dakika 5 kwa muda wa saa nzima, ondoka. Kama unakaa mbali, mapema zaidi. Ila usihesabu chochote, nenda mara moja, kama chupa imepasuka (hasa maji yakiwa ya kijani au kahawia), unatoka damu kama ya hedhi au zaidi, mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinauma sana na unaona maluweluwe, au tumbo limekaza na maumivu hayaachii kabisa. Hayo ya mwisho si ya kupumulia, yanahitaji daktari.