Ukumbi wa maigizo unaniharibia riwaya, niache kwenda?

Kalamu_ya_Umoja: Wadau habari zenu, naombeni ushauri. Niko mwaka wa tatu naandika riwaya. Naamka saa kumi na moja naandika mpaka saa moja kasorobo kabla watoto hawajaamka, jioni kwa matatu nikirudi Umoja nasoma vitabu vya mtumba, halafu Jumamosi karibu zote niko Kenya National Theatre. Hiyo ndiyo raha yangu na sijutii hata shilingi. Shida ni kwamba kila nikitoka kuona mchezo, Jumapili wahusika wangu wote wanaongea kama wako stejini, wanahutubiana tu, hakuna anayekatizwa, hakuna anayenyamaza. Sura ya 9 nimeiandika mara nne na bado inapiga kelele. Niache kwenda mpaka nimalize ama?

Msomaji_Buru: Usiache kabisa!! Ngũgĩ mwenyewe tamthilia yake ilichezwa Kampala 1962, riwaya ya kwanza ikatoka 1964. Hizo kazi mbili zinakaa kichwa kimoja vizuri tu.

Zamani_Jukwaani: Dadangu mimi nimeigiza miaka kadhaa. Maneno unayosikia pale ni nusu ya kazi, nusu ingine iko kwa mwili, mwigizaji akisema "sawa" huku amekupa mgongo umeshajua si sawa. Wewe unarudi nyumbani na maneno peke yake ndio maana unayabebesha kila kitu. Ukienda tena usimtazame anayeongea, mtazame anayesikiliza, na mikono yake. Halafu hiyo sura ya 9 kata nusu ya maongezi, mpe mmoja wao viazi vya kumenya uone.

Abiria_wa_Jogoo_Road: Mimi naona upumzike mwezi mmoja, si eti ukumbi ni mbaya, lakini mtu akikaribia kumaliza kitabu anahitaji masikio ya kawaida. Kaa stage ya matatu usikize makanga na abiria wakibishania chenji, hakuna anayemaliza sentensi pale.

Kalamu_ya_Umoja: Asanteni sana jameni. @Zamani_Jukwaani hiyo ya viazi imenifungua macho, maana kwa hiyo sura mama na mwanawe wako jikoni na nilikuwa nimesahau kabisa kuwa wako jikoni, hata jiko halijawashwa. Kesho saa kumi na moja naanzia hapo. Jumamosi naenda, ila daftari nitaliacha nyumbani.