MREJESHO: Kumsoma Bernard Lonergan kupitia intaneti

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nianzie wapi kumsoma Mjesuti (padre wa shirika la Kikatoliki) huyu wa Kanada, mwanafalsafa na mwanateolojia (1904–1984), bila kununua juzuu zote 25 za mkusanyiko wa maandishi yake.

Ushauri wenu wa kutoanza na Insight, kitabu chake kikuu kuhusu kuelewa, umezaa matunda. Mihadhara yake ya Halifax, Kanada, ya 1958, Understanding and Being (juzuu ya 5), inapita njia ileile kwa lugha nyepesi. Baada yake ndipo Insight: sura ya 1, kisha 6 na 7, halafu 9 hadi 11. Sura ya 2 hadi 5 zina hisabati na fizikia nyingi. Hizo bado zimenigomea.

Sura ya 1 isomwe na karatasi mkononi. Chora gurudumu la mkokoteni, ujiulize kwa nini ni duara. Spoki zikiwa sawa kwa urefu, bado ukingo waweza kubonyea kati ya spoki na spoki. Lazima uzifikirie spoki zisizo na idadi wala unene, na hizo hazichoreki. Hapo ndipo anapotofautisha taswira na kuelewa.

Kumbukumbu za bernardlonergan.com ni za bure, ila maandishi mengi ya miaka yake ya kufundisha Roma ni ya Kilatini. Aliyesema nitafute nukuu kwa namba ya ukurasa, hiyo imefeli: kurasa za Insight ya 1957 hazilingani na za toleo la 1992 (juzuu ya 3). Tafuteni kwa sura na kifungu.