Naomba ushauri: kengele gani ya baiskeli inasikika vizuri bila kumshtua mtu?

Pedali_Taratibu
Wakuu, habari za leo. Nataka kubadilisha kengele ya baiskeli, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Iliyopo ni ile ndogo ya kinyundo na springi, imefungwa karibu na shingo ya usukani. Nikiipiga inasema "tak", basi, haivumi. Usukani ni wa alumini, umenyooka, mnene katikati na mwembamba kuelekea kwenye raba za kushikia. Njia ninayopita ina watembea kwa miguu wengi, halafu kipande kingine ni barabara ya magari. Naona kuna za kuzungusha kwa kidole gumba, za kinyundo, za betri na honi za mpira. Nichukue ipi, na nitajuaje kama itakaa kwenye usukani wangu?

FundiSpoku
Mkuu, usinunue kwanza. Kengele inayosema "tak" mara nyingi si mbovu, kuna kitu kinaizuia. Kikombe cha kengele hulia kwa kutetema, na ukingo wake wa chini ndio unaotetema zaidi. Chochote kikiugusa ukingo ule, sauti inakufa hapohapo, kama vile umekifumbata kwa kiganja. Na pale karibu na shingo ya usukani ndipo waya za breki na gia zinapopita. Inama uchungulie kwa pembeni. Ganda la waya likiwa limeegemea kikombe, legeza bolti, zungusha kengele mpaka uone mwanga ukipita kati yake na waya pande zote. Kisha geuza usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia, uangalie tena, maana waya husogea usukani unapogeuka.

Waya zikiwa mbali, tazama kinyundo. Kikiwa kimetulia hakitakiwi kugusa kikombe kabisa. Nafasi inayotosha ni unene wa kadi ya benki: ipitishe kadi katikati, ipite bila kukwama. Ukikivuta kinyundo na kukiachia, springi inakirusha, kinapitiliza ile nafasi, kinagonga, kinarudi. Hapo ndipo unapopata "tiiing" ndefu. Kinyundo kilicholala juu ya kikombe kinagonga na kubaki palepale, chenyewe kinageuka kizuizi. Kukirekebisha, pinda springi kwa vidole, kidogo kidogo. Usitumie koleo, springi bapa ukiipiga kona inakatika.

Gurudumu28
Naongezea kipimo kimoja cha haraka. Fungua kikombe, kining'inize kwa uzi kupitia tundu lake la katikati, kigonge kwa mpini wa kijiko. Kikivuma vizuri, kikombe ni kizima na kosa liko kwenye ufungaji. Kikitoa mlio mkavu hata kikining'inia hewani, kina ufa au ni bati duni, hapo nunua nyingine tu.

Ukinunua, angalia kikombe kabla ya kitu kingine chochote. Shaba ya njano inavuma muda mrefu na haishiki kutu nyekundu, inafifia rangi tu. Chuma kinalia vizuri, ila rangi au nikeli ikichubuka kinaota kutu kuanzia ukingoni. Alumini ni nyepesi, mlio wake ni wa juu na mfupi. Vikombe vya plastiki vilivyopakwa rangi ya fedha viache vilivyo.

MnyororoMkavu
Suala la kuingia kwenye usukani lina jibu rahisi, na huhitaji kipimo cha fundi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe kwenye usukani pale unapotaka kengele ikae, weka alama ncha zinapokutana, ufungue uupime kwa rula. Ukipata kama milimita 70, usukani una kipenyo cha 22.2. Ukipata 80 ni 25.4. Ukipata 100 ni 31.8, na 110 ni 35. Usukani uliopinda wa baiskeli za mbio hutoa kama 75 pale penye mikono ya breki, yaani 23.8.

Kibano cha kengele, kile kinachoshika usukani, kikiwa kikubwa kinaweza kujazwa kikabana usukani mwembamba. Kidogo hakipanuliwi. Watu hukifungua kwa nguvu na kukilazimisha, kikiwa cha plastiki kinapasuka, kikiwa cha bati kinakaa kimejikunja na kengele inazunguka kila unapoigusa.

SautiMbali
Kama unapita barabara ya magari chukua ya betri. Kengele ya kawaida dereva aliyefunga vioo haisikii.

FundiSpoku
Hilo la vioo ni kweli, lakini kwenye njia ya watu ile honi ya betri inaleta hatari nyingine. Mtu akipigiwa mlio mkali mgongoni anaruka, na huwezi kujua anaruka upande gani. Mlio wa kengele unafahamika hata kwa mtoto: baiskeli inakuja. Halafu betri huisha bila taarifa, na maji yakiingia kwenye kitufe inalia mfululizo au inanyamaza. Ukihitaji zote mbili, funga zote mbili, kengele upande mmoja na honi upande wa pili, ili kidole kisikosee. Hata hivyo mbele ya gari tegemea breki na taa, honi ni nyongeza. Pia angalia sheria za unakoendesha. Ujerumani, kwa mfano, baiskeli lazima iwe na kengele, na vyombo vingine vya kupiga mlio haviruhusiwi.

Honi ya mpira ni imara, ila puto lake hupasuka likikaa juani, na ulimi wa ndani ukiingia vumbi unatoa pumzi bila sauti.

Gurudumu28
Kati ya kinyundo na ya kuzungusha, kwa njia yenye watu wengi mimi napendekeza ya kuzungusha yenye kikombe kikubwa, cha milimita 55 hadi 60. "Kring-kring" yake inaendelea muda wote kidole kinapofanya kazi, kwa hiyo unaweza kuanza kwa upole ukiwa mbali. Na kikombe kikubwa kina mlio mzito kidogo. Hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Vikengele vya mtindo, vya ukubwa wa kizibo cha chupa, vinapendeza kwa macho, lakini mzee aliye mbele yako hatageuka.

Udhaifu wa ya kuzungusha ni kwamba hucheza na kulialia kwenye barabara ya mashimo. Barabara ikiwa mbovu sana, baki na ya kinyundo chenye springi ngumu.

Raba_na_Spana
Jamani, mahali inapokaa ndipo penye uzito kuliko aina. Kengele ambayo lazima uachie usukani ili uipige haitapigwa siku unayoihitaji. Iweke pale kidole gumba kinapofika huku vidole vingine viko kwenye breki. Kama gia za nyuma unazibadilisha kwa mkono wa kulia, weka kengele kushoto, na kinyume chake, ili gumba moja lisifanye kazi mbili.

Na piga mapema. Ukiwa kwenye kilomita 20 kwa saa unakwenda karibu mita 5 na nusu kila sekunde. Mpe mtu sekunde 3 za kusikia, kuelewa na kusogea: hiyo ni mita 16 au 17. Ukisubiri ubakize mita 5, kengele yoyote itamshtua.

Pedali_Taratibu
Asanteni sana wakuu. Nimechungulia, waya wa breki ulikuwa umeegemea kikombe kweli. Nimeuondoa, sasa inalia, ila kidole hakifiki ilipo. Karatasi imetoa 100 katikati na 70 karibu na raba. Kati ya raba na kibano cha breki kuna nafasi ya sentimita 2. Ya kuzungusha niliyoipenda ina kibano cha 25.4. Itawezekana?

MnyororoMkavu
Inawezekana. Tofauti ni milimita 3.2, yaani 1.6 kila upande. Kata ukanda wa tyubu kuukuu wenye upana wa kibano. Tyubu nyingi zina unene wa karibu milimita 1, hivyo mizunguko 2 iliyovutwa itajaza ile nafasi. Futa usukani kwanza kwa kitambaa kikavu, mafuta yakibaki ukanda utateleza. Kaza mpaka kengele isizunguke unapoisukuma kwa gumba, uishie hapo. Usukani ungekuwa wa kaboni ningekuambia achana na kibano cha chuma, utumie ya kufungwa kwa mkanda wa mpira. Kama nafasi ya sentimita 2 inabana, legeza kibano cha breki ukisogeze ndani kidogo, ila hakikisha vidole bado vinafikia mkono wa breki, kisha ukikaze barabara.

FundiSpoku
Kabla ya kuifunga, zungusha kikombe kinyume cha saa ukifungue. Ndani utaona gia ndogo na kipande kinachozunguka chenye washa mbili (visahani vya chuma vyenye tundu) zilizolegea. Gumba likisukuma, kipande kinazunguka, washa zinarushwa nje na kugonga kinundu kilicho ndani ya kikombe. Washa zisipocheza, kengele haina sauti. Tia tone moja la mafuta mepesi kwenye kila mhimili wa gia, washa ziache kavu. Grisi usiweke kabisa, inashika vumbi, inakuwa kama gundi, na ndiyo inayoua kengele nyingi za aina hii. Gia zikiwa za plastiki, kagua meno. Ukirudisha kikombe kikaze kwa mkono tu, halafu ipige. Ikikwaruza badala ya kulia, ukingo unagusa kitako, legeza kikombe robo mzunguko.