Kabla ya kupata Monster Manual mpya ya D&D: viumbe wa 2014 wanafaa kwa sasa?

Dadu20:
Wakuu, habarini. Player's Handbook mpya (kitabu cha wachezaji) ya Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, ilitoka Septemba 2024, Dungeon Master's Guide (mwongozo wa mwendesha mchezo) ikafuata Novemba, na Monster Manual (kitabu cha viumbe) ikatoka tarehe 18 Februari 2025, ila sisi bado hatuna. Wachezaji ni wanne, ngazi ya 3, na viumbe waliopo ni wa kitabu cha 2014. Tukichanganya, mizani haivurugiki? Na wahusika wa zamani wanahamishwaje?

MchoraRamani:
Anzeni tu, mkuu. Kinga, uhai na mashambulizi ya viumbe wa 2014 yasomeni kama yalivyoandikwa. Kinachoponza ni hesabu ya pambano. Kila adui ana pointi za uzoefu zinazopima ugumu wake, na mwongozo wa zamani ulizizidisha kadiri maadui walivyoongezeka. Mpya umefuta kabisa kuzidisha huko. Ngazi ya 3, pambano la wastani ni pointi 225 kwa mchezaji, gumu ni 400. Kwa wanne, wastani ni 900. Zimwi mmoja ana 450, basi wawekeni wawili. Ukizidisha kwa 1.5 kama zamani utapata 1,350, utadhani wamezidi, utamtoa mmoja, na pambano litaisha kabla halijachangamka.

Ila msiijaze hiyo 900 kwa goblini 18 wa pointi 50! Wakizidi wawili kwa kila mchezaji, yaani wanane, wingi wa mapigo yao ndio unaoua.

Kete_Sita:
Kwa wahusika, kosa kubwa ni kuhesabu nyongeza mara mbili. Sasa nyongeza za uwezo (Nguvu, Wepesi na kadhalika) zinatoka kwenye usuli, yaani maisha ya mhusika kabla ya safari, si kwenye jamii yake, kama binadamu au elf. Jamii ya kitabu cha zamani, futa nyongeza zake. Usuli wa zamani usio na nyongeza, mpe +2 na +1, au +1 mara tatu, pamoja na kipaji kimoja cha mwanzo (feat). Matawi ya fani (fani ni kama mpiganaji au mchawi) yanaanza ngazi ya 3, hata kama kitabu cha zamani kinasema 1 au 2.

Umahiri wa silaha, yaani athari ya ziada ya kila silaha, nao ni mzuri sana, lakini unachelewesha meza. Shoka la vita likimpata adui, anatupa dadu ya kujinusuru asianguke: namba ya kufikia ni 8, jumlisha nyongeza ya uwezo, jumlisha nyongeza ya ustadi (+2 kwa ngazi ya 3). Mpiganaji wa ngazi ya 3 mwenye Nguvu +3 ana 13. Iandikwe kwenye karatasi ya mhusika mapema, la sivyo kila zamu mtasimama kupiga hesabu.

Dadu20:
Shukrani sana. Na kushtukiza? Zamani aliyeshtukizwa alipoteza zamu nzima.

MchoraRamani:
Hiyo imeondoka. Anatupa dadu mbili za pande 20 wakati wa kupanga zamu, anachukua ndogo, basi. Kwa hiyo uviziaji wa kwenye visa vya zamani utawaumiza wachezaji kidogo kuliko ulivyokusudiwa, tena wao wenyewe sasa wanakunywa dawa ya uponyaji na bado wanashambulia zamu hiyohiyo. Ongeza mvamizi mmoja kama bajeti ya pointi inaruhusu.